French kwenye makucha mafupi: kinachorefushwa ni pinki, siyo nyeupe

Siku ya posho asubuhi, kabla ya saa tatu, salo nyingi za Lubumbashi zimekwisha kujaa. Ndiyo siku ya ndoa. Bibi arusi anaketi kwenye kiti, dada zake na rafiki zake wanangoja kwenye benchi, na karibu wote wanataka kitu kimoja: French. Nyeupe kwenye ncha, pinki chini yake, makucha safi ya kuonekana wakati wa kuvishwa pete na kutia sahihi kwenye komini. Halafu kuna yule mmoja anayeficha mikono ndani ya kikwembe na kusema: "Yaya, miye French haikamataka. Makucha yangu iko mafupi."

Maneno hayo yanasikika Kenya, Katuba, Ruashi, na kule mjini pia. Mara nyingi jibu analopewa siyo zuri. Anabandikwa kapsuli ndefu zenye nyeupe tayari, zinakatwa kidogo, anaambiwa "sasa iko ndefu". Siku ileile anafurahi. Akitazama picha baadaye anaona vidole vimekuwa vifupi zaidi, kama vimevaa kofia kubwa. Na baada ya siku chache kapsuli moja inagonga mlango wa gari, inang'oka, na inaondoka na sehemu ya ukucha wake mwenyewe.

Vidole vyake havina kosa. Fundi alirefusha nyeupe, wakati kitu cha kurefusha kilikuwa pinki.

Mafupi ya namna mbili

Mtu akisema makucha yake ni mafupi, fundi mwenye akili anaomba kwanza kuyaangalia, upande wa juu na upande wa chini, kwa sababu neno "mafupi" linabeba mambo mawili tofauti.

Kuna ncha fupi: ukucha umekatwa au umevunjika, lakini ile sehemu ya pinki, pale ukucha umeshikana na nyama, ina urefu wa kutosha. Hapo hakuna shida kubwa. Ukucha wa mkono unakua karibu milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo wiki chache za kungoja zinasaidia. Jambo la pili ndilo gumu: sehemu ya pinki yenyewe ni fupi. Wenye kazi wanaiita kitanda cha ukucha, sawa vile Wafaransa wanavyosema, maana ndipo ukucha unalala. Kwa watu wengine kitanda hicho ni kipana kuliko urefu wake, na ukucha unafanana na kifungo cha shati. Mtu huyo anaweza kufuga ncha miezi sita, pinki yake itabaki ileile. Atapata nyeupe nyingi tu.

Wengine walizaliwa hivyo na inatoka kwa wazazi. Inaonekana sana kwenye kidole gumba: vidole vingine vyote ni vya kawaida, gumba peke yake lina ukucha mpana na mfupi. Siyo ugonjwa, na hakuna dawa ya kupaka itakayobadilisha umbo hilo, hata kama muuzaji sokoni anaapa.

Lakini wengi wamejifanyia wenyewe bila kujua. Kung'ata makucha ndiyo njia inayojulikana zaidi: kila mara ukucha unang'atwa chini ya mstari wake, ile nyama inayoushika inarudi nyuma kidogo. Njia ya pili haizungumziwi sana. Ni kuchokonoa chini ya ukucha kwa ncha ya kisu, pini au kijiti cha kiberiti ili kutoa weusi wa makaa au udongo. Pale chini kuna ngozi nyembamba inayofunga mlango kati ya ukucha na nyama. Ikichanwa kila siku, ukucha unaachana na kitanda, weupe unashuka, pinki inapungua. Brosi laini na sabuni vinafanya kazi hiyohiyo bila kuharibu.

Habari njema ni kwamba kitanda kilichofupishwa kwa kung'ata au kuchokonoa kinaweza kurudi, siyo daima chote, lakini kwa sehemu. Ukucha mzima wa mkono unahitaji karibu miezi sita kujibadilisha kutoka shina hadi ncha. Fundi anayemwambia mteja "acha kwanza, paka mafuta kila jioni, urudi baada ya miezi mitatu" anapoteza pesa ya leo. Mafundi wa namna hiyo wapo, na wateja wao hawawaachi.

Jina linadanganya kidogo

French, pamoja na jina lake, haikuanza Ufaransa kwa namna tunayoijua leo. Anayetajwa zaidi ni Jeff Pink, mwanzilishi wa kampuni ya Orly huko California, katikati ya miaka ya 1970. Watu wa filamu wa Hollywood walitaka rangi moja ya makucha inayokubaliana na kila nguo, ili waigizaji wasipoteze saa nyingi wakibadilisha verni kila wakibadilisha gauni. Baadaye mtindo ukapelekwa kwenye maonyesho ya mavazi ya Paris, na uliporudi Marekani ukawa na jina la French. Kwa hiyo watu wa Lubumbashi, ambao shuleni wanasoma kwa Kifaransa lakini salo wanasema "French", wako karibu na ukweli kuliko wanavyofikiri.

Historia hiyo ina maana kwa kazi. French ilibuniwa kuiga ukucha wa kawaida uliosafishwa vizuri: pinki ya nyama, weupe wa ncha. Jicho la mtu linajua bila kufundishwa kwamba pinki inapaswa kuwa nyingi na nyeupe kidogo. Ukimpa mtu mwenye kitanda kifupi nyeupe inayoanzia kwenye mstari wake wa kawaida, jicho linapiga hesabu mara moja na kusema: hapana.

Hesabu ya milimita

Tuseme kitanda cha ukucha kina milimita 7, na mteja anataka ukucha wote uwe na milimita 12. Fundi akianzisha nyeupe pale pinki ya kweli inapoishia, nyeupe itachukua milimita 5 kati ya 12. Ni karibu nusu. Hiyo ndiyo kofia.

Sasa urefu ubaki uleule, 12. Fundi anapaka pinki nzito isiyopitisha mwanga, ile mafundi wanayoita kover, na anaisogeza milimita 2 mbele ya mstari wa kweli. Pinki inakuwa 9, nyeupe inabaki 3, yaani robo. Mkono uleule, urefu uleule, lakini kidole kinaonekana kimenyooka. Kover ndiyo inayofanya kazi yote. Inafunika mstari wa zamani na kuchora mwingine mahali pazuri zaidi. Mafundi wengi wanafuata kanuni moja rahisi: nyeupe isizidi theluthi ya ukucha wote. Kwa kitanda kifupi, robo ni nzuri zaidi.

Kuna mpaka lakini. Pinki ya bandia inadanganya jicho, haidanganyi uzito. Ukucha bado umeshikwa na zile milimita 7 tu. Sehemu inayotoka nje ni kama mpini wa jembe: kadiri ulivyo mrefu, ndivyo kugonga kidogo kule mwisho kunavyoinua kwa nguvu huku mwanzo. Kwa hiyo sehemu inayotoka nje isipite urefu wa kitanda, na kwa mwanamke anayefua, anayepika na kubeba mtoto, nusu ya kitanda inatosha. Anayetaka makucha ya sentimita tatu kama ya wasanii kwenye simu, na kitanda chake ni cha milimita 7, aambiwe ukweli kabla ya kuketi.

Upinde nao una maana yake. Mstari unaotenganisha pinki na nyeupe ukichorwa karibu kunyooka, kama umepimwa kwa rula, unakata kidole na kukipanua. Ukichorwa kama upinde wa kina, katikati umepanda kuelekea ncha na pande mbili zikishuka kwa ncha nyembamba, pinki inapata nafasi katikati na ukucha mpana unaonekana mwembamba. Umbo la ncha pia: mraba mkali unaonyesha upana, wakati lozi fupi au mviringo unapunguza. Anayependa mraba anaweza kuupata, ila pembe zake zilainishwe.

Pinki ya nani?

Hapa ndipo French nyingi za Lubumbashi zinaharibika, hata mkono wa fundi ukiwa mzuri. Kover nyingi zinazouzwa zilitengenezwa kwa ngozi nyeupe. Ni pinki baridi, ya maziwa, na juu ya vidole vyeusi inakaa kama chaki au plasta. Kwa French ya kawaida kosa hilo linavumilika, kwa sababu pinki ni nyepesi na rangi ya mtu inaonekana chini yake. Kwenye kitanda kifupi haliwezekani, maana kover ni nzito kwa makusudi na ndiyo inayotawala ukucha wote.

Dawa yake ni kuchagua bejo ya joto, karameli, pinki yenye kahawia kidogo. Fundi anaweka tone kwenye ukucha wa mteja, siyo kwenye wa kwake mwenyewe, na anautazama nje ya mlango kwenye mwanga wa jua, maana taa ya salo inadanganya. Rangi nzuri ni ile inayokaribia nyama iliyo chini ya ukucha wa mteja huyo. Asipokuwa nayo, anaweza kuchanganya kover mbili za kampuni moja. Na nyeupe ipunguzwe ukali. Nyeupe ya maziwa inakubaliana na ngozi nyeusi zaidi kuliko ile nyeupe ya karatasi.

Kwa mwenye kitanda kifupi kabisa, kuna njia ya kukwepa mstari wote: ile inayoitwa babyboomer, ambapo pinki inayeyuka polepole kuwa nyeupe bila mpaka. Hakuna mstari, kwa hiyo jicho halina cha kupima. Mabibi arusi wengi wanaipenda, na kwa vidole vifupi mara nyingi inashinda French yenyewe.

Kazi yenyewe

Inaanza na kitu cha bure. Watu wengi wana ngozi nyembamba iliyopanda juu ya ukucha kutoka kwenye shina. Ikilainishwa kwa maji ya vuguvugu na kusukumwa nyuma taratibu, ukucha unapata hata milimita moja zaidi ya kuonekana. Kwa kitanda cha milimita 7, hiyo siyo kidogo. Isukumwe tu, isikatwe: ngozi ile inalinda shina lisiingie vijidudu. Kisha mikono inakaushwa vizuri kabisa, kwa sababu maji yanayobaki ndani ya ukucha yanafanya jeli ikatae kushika.

Uso wa ukucha unaondolewa mng'ao kwa tupa laini. Mng'ao tu. Ukucha mzima una unene wa karibu nusu milimita, na fundi anayeusugua kwa mashine mpaka mteja anashtuka kwa moto amekwisha kula sehemu kubwa ya unene huo. Ncha ya kweli inakatwa fupi na kuzungushwa kwa kufuata upinde, ili isije ikaonekana kama kivuli chini ya kover.

Kisha kuna uamuzi: kapsuli au shabloni. Kapsuli ni ile ncha ya plastiki inayogandishwa kwa gundi. Shabloni ni karatasi inayofungwa chini ya ukucha, na fundi anajenga urefu juu yake kwa jeli au rezini. Kapsuli ni ya haraka, na kwa kitanda cha kawaida haina neno. Kwenye kitanda kifupi ina shida mbili. Sehemu yake ya kugandisha inameza karibu nusu ya ukucha, na kama ni ile yenye nyeupe tayari, upinde umekwisha kuamuliwa na kiwanda, hausogei mbele hata kwa maombi. Anayelazimika kutumia kapsuli achukue ya rangi ya maji, apunguze sehemu ya kugandisha, kisha achore upinde wake juu kwa kover. Shabloni inachukua muda mrefu zaidi na inataka mkono uliozoea, lakini ndiyo inayompa fundi uhuru wa kuweka mstari anapotaka.

Juu ya shabloni, kover inawekwa kwanza, kutoka karibu na shina bila kugusa ngozi, mpaka kupita mstari wa kweli. Inakaushwa. Halafu ukingo wake wa mbele unachongwa kwa tupa nyembamba kuwa upinde safi, na nyeupe inawekwa mbele yake, ikikutana na ukingo huo kama kigae na kigae. Wanaopaka nyeupe juu ya pinki kwa brosi wanapata mstari mnene unaotoka nje. Ule wa kuchonga unabaki mkali hata ukucha ukipigwa tupa tena. Mwisho, tabaka ya jeli isiyo na rangi inajengwa juu ya vyote, na pale katikati, juu ya mpaka wa kitanda na ncha, inaachwa nene kidogo. Huo mgongo ndio nguvu ya ukucha. French iliyo bapa kama karatasi inapendeza kwenye picha, na inavunjika pale pale kwenye mstari.

Umeme, baridi na vumbi

Jeli inakauka kwa mwanga wa taa ya UV au LED. Katika mji ambapo umeme wa SNEL unaweza kukatika mteja akiwa na mkono ndani ya taa, hilo ni jambo zito kuliko usumbufu. Jeli iliyokauka nusu inaonekana ngumu juu, lakini chini bado ni mbichi, na ubichi huo ndio unaogusa ngozi na kuleta mizio. Umeme ukikatika katikati, dakika zinaanza upya utakaporudi. Salo inayofanya jeli kila siku inahitaji taa yenye betri yake.

Kover, kwa kuwa ni nzito na yenye rangi nyingi, inazuia mwanga. Tabaka mbili nyembamba zinakauka. Moja nene inabaki mbichi ndani na pia inachoma, kwa sababu jeli inatoa joto inapoganda. Mteja anayesema "inaunguza" anasema kweli. Atoe mkono, angoje kidogo, aurudishe.

Wanaotumia rezini, ile ya unga na maji, wana adui mwingine: baridi. Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zinauma. Rezini kwenye baridi inachelewa kuganda na wakati mwingine inatoa punje kama chumvi. Mwezi wa kumi joto likipanda, ileile inaganda kabla upinde haujachorwa. Fundi anayejua anabadilisha kipimo cha maji na unga kufuata msimu, na asubuhi ya kiangazi anawasha vidole vya mteja joto kwanza. Vumbi jekundu la kiangazi nalo, likianguka juu ya tabaka ambayo haijakauka, linabaki humo kama pilipili. Mlango ufungwe kwa dakika hizo, ila siyo kwa siku nzima, maana harufu na unga wa tupa vinahitaji hewa, na fundi anahitaji maski.

Chupa isiyo na jina

Bidhaa nyingi zinafika mjini kupitia mpaka wa Kasumbalesa au na wafanyabiashara wanaonunua Dubai na China. Kati yake kuna nzuri. Kuna pia maji ya rezini yanayomiminwa kwenye chupa ndogo bila jina wala orodha, na hapo ndipo hatari kubwa ya biashara hii inapojificha.

Hatari hiyo inaitwa MMA. Ni kemikali ya bei ndogo inayoganda ngumu sana. Miaka ya 1970 mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, FDA, ilipokea malalamiko ya watu walioharibika makucha na kupata mizio, ikaenda mahakamani, na maji ya makucha yaliyokuwa MMA tupu yakaondolewa sokoni. Kampuni zinazojiheshimu zinatumia EMA badala yake. Ugumu wa MMA ndio ubaya wake: mteja akigonga mahali, rezini haivunjiki, bali inang'oa ukucha wa kweli. Kwenye kitanda kifupi, chenye mshiko mdogo, hiyo inatokea upesi. Dalili zake ni harufu kali isiyo ya kawaida, ugumu ambao tupa inahangaika nao, na asetoni kushindwa kuilainisha hata baada ya nusu saa.

Jeli nazo zina lao. HEMA, inayosaidia jeli kushika, ni sababu inayojulikana ya mizio, na Umoja wa Ulaya tangu 2021 unataka bidhaa za makucha zenye HEMA zitumiwe na wenye ujuzi tu na zibebe onyo la mizio. TPO, inayosaidia jeli kukauka, imepigwa marufuku huko tangu tarehe 1 Septemba 2025. Kwenye soko la Lubumbashi mnunuzi mwenyewe ndiye wa kusoma chupa, na isiyo na maandishi haisomeki.

Mizio hiyo isidharauliwe. Inaanza na kuwasha kuzunguka ukucha, ngozi kupasuka, wakati mwingine kope kuvimba kwa sababu mtu anagusa macho. Ikishaingia mwilini haitoki, na familia ileile ya kemikali iko kwenye vifaa vya daktari wa meno na kwenye saruji ya kushikisha mifupa wakati wa operesheni. Ndiyo maana jeli au rezini haipaswi kugusa ngozi hata kidogo. Kwenye kitanda kifupi jaribu ni kubwa, maana nafasi ni ndogo na fundi anataka kuipanua mpaka pembeni. Aache mstari mwembamba kama unywele kuzunguka ukucha wote.

Mikono ya kazi

Muuguzi aliye kazini asifanyiwe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa usafi wa mikono wa 2009, linasema wahudumu wanaogusa wagonjwa wasivae makucha ya bandia, na ya kweli yasipite nusu sentimita, kwa sababu vijidudu vinajificha chini yake hata mikono ikioshwa. Mgonjwa anayeingia kwenye operesheni naye anaombwa kuyatoa, au angalau kidole kimoja kiachwe wazi, kwa sababu kifaa kinachopima oksijeni kinasoma kupitia ukucha.

Anayekanda na kula bukari kwa mkono anajua shida nyingine: unga unabaki chini ya ncha. French fupi yenye upinde mzuri inasumbua kidogo kuliko ile ndefu, na hiyo ni sababu moja zaidi ya kukubali urefu wa kitanda chako.

Kuna pia cha kuangalia kabla kover haijafunika. Watu weusi wengi wana mistari ya kahawia inayotoka shina mpaka ncha, kwenye makucha kadhaa, na ni ya kawaida. Lakini mstari mmoja mpya kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au unaomwaga weusi kwenye ngozi ya shina, ni wa kupeleka kwa daktari. Bob Marley alikufa mwaka 1981 kwa saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Vivyo hivyo ukucha wenye kijani, ulioachana na nyama, au wenye usaha: haufunikwi. Fundi anayeufunika kwa pinki amefunika ugonjwa.

Kurudi na kutoa

French ya kitanda kifupi inaonyesha ukuaji mapema. Baada ya wiki mbili au tatu kuna pengo kwenye shina, na ule mgongo wenye nguvu umesogea mbele, mahali usiposaidia tena. Hapo ni kujazia au kutoa, siyo kungoja mwezi wa pili ili kuokoa pesa. Kwa kujazia, upinde nao unarudishwa nyuma kwa tupa, la sivyo pinki itakuwa ndefu mpaka nyeupe iwe uzi.

Kutoa kunafanywa kwa asetoni na pamba kwa zile zinazoyeyuka, au kwa tupa mpaka ibaki tabaka nyembamba inayokua na kuondoka yenyewe. Kung'oa kwa meno, kwa kadi ya simu au kwa kuingiza kapsuli nyingine chini yake kunatoa ukucha wa mtu pamoja na bandia, na kitanda kilichokuwa kifupi kinazidi kufupika.

Kwa bibi arusi mwenye kitanda kifupi, salo nzuri inaomba aje mara mbili. Ya kwanza ni wiki tatu au nne kabla, kujaribu rangi ya kover na kuona kama ngozi inawasha. Ya pili ni siku ya alhamisi, siyo posho asubuhi, ili kama ukucha mmoja unakataa kushika kuwe na ijumaa nzima ya kuurudia.